Visual Studio Code na Dropbox: usiache chochote, ila vitenganishe

Swali: "Najifunza kutengeneza tovuti kwa JavaScript, na Python kidogo. Nina laptopu nyumbani na kompyuta ya mezani kazini, zote Windows. Nimeona jedwali mtandaoni linalopambanisha Visual Studio Code na Dropbox, bei kwa bei na nyota kwa nyota, nikashindwa kujua nichukue kipi. Kwa sasa ninavyo vyote, na mradi wangu nimeuweka ndani ya folda ya Dropbox ili niupate kote. Lakini laptopu inachemka, bando la wiki linaisha siku mbili, na juzi nimekuta mafaili yameandikwa 'conflicted copy'. Niache kipi?"

Usiache chochote, ndugu. Jedwali ulilolisoma limepima cherehani na kabati la nguo kwenye mizani moja. Fundi anavihitaji vyote viwili, na hakuna siku mteja atamuuliza kipi kati ya hivyo kinashona vizuri zaidi. Shida yako ni nyingine: umeamua kushonea ndani ya kabati. Kihariri na hifadhi ya wingu vyote vimetia mkono kwenye folda moja kwa wakati mmoja, na dalili zote tatu ulizozitaja zinatoka hapo.

Kihariri kwanza, kwa ufupi. Visual Studio Code ilitangazwa na Microsoft mwaka 2015, nayo ni ya bure. Unapofungua faili inafanya jambo la kawaida kabisa: inalisoma kutoka kwenye diski, unalihariri, ukibonyeza Ctrl+S inaliandika tena palepale lilipotoka. Rangi za maneno, mapendekezo, terminali, kusaka hitilafu, vyote vinazunguka tendo hilo. Haina ghala lake. Watu wengi hudanganywa na kipengele kinachoitwa Settings Sync, wakadhani kazi yao inahifadhiwa mahali fulani. Kinachosafirishwa pale ni mipangilio, njia za mkato za kibodi, vipande vya msimbo na orodha ya viendelezi (programu ndogo za kukiongezea kihariri uwezo). Mafaili ya mradi wako hayamo.

Dropbox nayo, iliyoanzishwa mwaka 2007, haijui msimbo ni nini wala haitaki kujua. Inalinda folda kama askari wa getini: faili lolote likiguswa, inalikata vipande visivyozidi MB 4, inavipima, inapeleka kwenye seva vile vilivyobadilika tu, kisha vinashushwa kwenye kompyuta nyingine. Akaunti ya bure ina GB 2, inakubali vifaa 3, na inakuwekea matoleo ya zamani na vilivyofutwa kwa siku 30. Ukihamia Google Drive yenye GB 15 (zinazogawanwa na Gmail na picha zako) au OneDrive yenye GB 5, tatizo lako utahama nalo lilivyo, kwa sababu zote hufanya kazi kwa mtindo huohuo.

Sasa tuangalie kinachotokea humo ndani.

Bando na joto vinatoka kwenye folda ya node_modules, ambamo npm, programu ya kupakua vifurushi vya JavaScript, huweka inachopakua. Mradi mdogo wa tovuti, ukishaendesha npm install, si ajabu kuwa na mafaili zaidi ya elfu kumi humo, mengi yakiwa na KB chache tu. Kwa Dropbox uzito wa faili si hoja kubwa kama idadi: kila moja linapimwa, linaandikishwa, linapelekwa. Kwa hiyo unalipia mzigo uleule mara tatu: npm inaupakua kwenye laptopu, Dropbox inaupakia kwenye seva, kompyuta ya kazini inaupakua tena. Na wakati Dropbox inalisoma faili, npm inataka kulifuta. Windows hairuhusu faili lililoshikwa lifutwe, ndipo unapoona EBUSY au EPERM kwenye terminali. Wengi huifungua upya kama msimamizi wa mfumo wakidhani ni suala la ruhusa, kumbe ni ugomvi wa wawili wanaogombea kiti kimoja.

Tena mzigo wenyewe mara nyingine haufai ukifika. Vifurushi kama esbuild na sharp hubeba programu iliyojengwa kwa ajili ya mfumo mmoja. Wewe una Windows kotekote kwa hiyo hujaliona hilo, lakini siku ukinunua Mac au ukiweka Linux, esbuild itakugomea kwa kusema iliwekwa kwa ajili ya mfumo mwingine. Kwa Python ni mbaya zaidi: folda ya .venv, ambamo vifurushi vya Python vya mradi hukaa, imeandika ndani yake njia kamili ya mahali ilipozaliwa, hadi jina lako la mtumiaji. Ikifika kwenye kompyuta ambayo jina lako ni tofauti, au Python imekaa kwingine, haiwaki. .venv haihamishwi, inatengenezwa upya.

Halafu hizo "conflicted copy". Chukua faili moja, app.js. Ijumaa saa kumi na moja jioni unalihifadhi kazini, unazima kompyuta haraka, au umeme unakatika, kabla Dropbox haijamaliza kupeleka. Jumamosi laptopu yako bado ina app.js ya Alhamisi. Unaongeza mistari yako, unahifadhi, inapanda kwenye seva. Jumatatu kompyuta ya kazini inawaka na kutaka kupeleka ya Ijumaa. Dropbox inaona matoleo mawili yaliyotoka kwenye shina moja. Haina uwezo wa kuyaunganisha mstari kwa mstari, kwa hiyo lililotangulia linabaki na jina lake, na lililochelewa linapewa jina refu lenye maneno "conflicted copy" na tarehe. Hakuna kilichofutwa. Lakini mradi wako unaita app.js, kwa hiyo kazi ya Ijumaa imelala pembeni bila kuendeshwa, nawe unabaki kujiuliza mbona kitufe ulichokirekebisha kimeharibika tena.

Kabla ya kugusa kingine, maliza hayo. Ndani ya Visual Studio Code, kwenye orodha ya mafaili upande wa kushoto, bonyeza kulia kwenye app.js uchague "Select for Compare". Kisha bonyeza kulia kwenye lile lenye jina refu uchague "Compare with Selected". Yatafunguka bega kwa bega, tofauti zikiwa zimepakwa rangi. Hamisha unachokitaka, hifadhi, ndipo ufute nakala. Usifute kwa kuangalia tarehe pekee: mpya si lazima iwe ndiyo sahihi, kama mfano wa Ijumaa unavyoonyesha. Ikiwa ulishafuta kwa hasira, jaribu mlango mwingine: chini ya orodha hiyohiyo kuna sehemu inaitwa Timeline. Tangu mwaka 2022 kihariri huweka humo nakala ya faili kila unapohifadhi, hadi 50 kwa kila faili, mradi faili lisizidi KB 256. Ila nakala hizo hukaa kwenye kompyuta ileile uliyoandikia.

Kuna kichocheo kingine unachoweza kuwa umekiwasha mwenyewe, Auto Save. Ikiwa umeiweka "afterDelay", kwa kawaida huhifadhi baada ya milisekunde 1000 za utulivu, yaani kila ukinyanyua mkono kufikiri. Sentensi nusu, mabano ambayo hayajafungwa, vyote vinapanda wingu. Data inayotumika ni ndogo, lakini historia ya siku 30 inajaa takataka na uwezekano wa mgongano unaongezeka. Iweke "onFocusChange", au izime urudi kwenye Ctrl+S.

Kama humo ndani tayari una folda ya .git, ambamo programu ya Git hutunza historia ya mabadiliko ya msimbo wako, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hupoteza miezi. Git huandika vitu kwa mpangilio: kwanza yaliyomo, mwisho kabisa alama inayosema "tawi la main liko hapa", main likiwa mkondo mkuu wa kazi yako. Dropbox haiheshimu mpangilio huo. Inapeleka kinachotangulia kuwa tayari. Kompyuta ya pili inaweza kupokea alama kabla ya yaliyomo, ukaambiwa "fatal: bad object HEAD". Na mgongano ukitokea ndani ya .git/refs, linazaliwa tawi lenye jina "main (conflicted copy...)", jambo ambalo Git inalikataa kwa onyo la "ignoring ref with broken name". Endesha git fsck, amri inayokagua kama historia hiyo ni nzima. Ikisema kuna vitu vinakosekana, usihangaike kushona viraka: chukua mafaili yako ya kawaida, anza repo mpya (yaani hifadhi mpya ya Git), na ile ya zamani ihifadhi kama kumbukumbu.

Tiba ni kuutoa mradi Dropbox na kuacha Git iusafirishe. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, ndiyo inayojua kuunganisha mistari ya watu wawili; au ya mtu mmoja mwenye kompyuta mbili, ambaye ni kitu kilekile.

Acha kwanza Dropbox imalize kusawazisha kote kuwili, kisha isimamishe kwa muda. Chagua kompyuta moja, ile yenye matoleo uliyoyakubali. Nakili mradi, usiuhamishe, bila mizigo:

robocopy "C:\Users\jina\Dropbox\mradi" C:\kazi\mradi /E /XD node_modules .venv

Kama uligundua .git yako imeharibika, iongeze jina lake mwishoni mwa amri hiyo ili ibaki nyuma. Folda ya C:\kazi nimeichagua kwa makusudi. Ni njia fupi, na programu nyingi za Windows bado hukwama njia ikizidi herufi 260, kikomo ambacho node_modules hukifikia upesi. Pia iko nje ya Desktop na Documents. Windows hupenda kuziweka folda hizo mbili chini ya OneDrive bila mtu kutambua. Fungua Desktop yako utazame njia yake, na ukiona C:\Users\jina\OneDrive\Desktop, ujue kuhamishia mradi pale ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Ndani ya mradi tengeneza faili linaloitwa .gitignore, linaloiambia Git vitu vya kuviacha (.env ni faili la siri, nitalirudia), lenye mistari hii:

node_modules/
.venv/
dist/
.env

Ongeza lingine, .gitattributes, lenye mstari mmoja: * text=auto. Hilo litakuokoa siku mtu wa Mac au Linux akiungana nawe, maana Windows humalizia mistari kwa alama mbili na wao kwa moja, na bila mpangilio huo faili zima litaonekana limebadilika wakati amegusa neno moja.

Kisha, kwenye terminali ya kihariri:

git init -b main
git add .
git status

Simama hapo usome orodha. Ukiona node_modules au .env imo, .gitignore yako ina kosa: mara nyingi Notepad imeliita .gitignore.txt bila kukuambia. Orodha ikiwa safi, endelea na git commit -m "Mwanzo", yaani kukomiti: kupiga muhuri toleo hilo kwenye historia. Ikikuuliza wewe ni nani, mpe jina na barua pepe kwa git config --global user.name na user.email.

Kupeleka GitHub, tovuti inayotunza repo mtandaoni, bonyeza alama ya Source Control pembeni, chagua "Publish to GitHub", na uchague repo ya faragha. Hizo ni za bure. Kivinjari kitafunguka uingie kwenye akaunti yako. Nywila ya kawaida haikubaliki tena kwenye terminali tangu Agosti 2021, kwa hiyo usishangae ukiijaribu ikakataa.

Kwenye kompyuta ya pili: git clone na anwani ya repo, halafu npm ci, ambayo husoma package-lock.json na kuweka matoleo yaleyale hasa. Kwa Python, python -m venv .venv, iwashe, kisha pip install -r requirements.txt. Bando litatumika mara moja hapo, na baada ya hapo git pull itavuta mabadiliko ya msimbo peke yake, ambayo kwa siku ya kawaida ni KB chache.

Desturi ya kila siku ni git pull unapokaa, kukomiti na git push unapoinuka. Utasahau, kila mtu husahau. Tofauti ni kwamba kosa la Ijumaa safari hii halifichiki: Jumatatu ukijaribu kupeleka utaambiwa "rejected" na "fetch first". Unavuta, na ikiwa mistari uliyoigusa haikugongana, inaunganishwa yenyewe. Ikigongana, kihariri kinakuonyesha pande zote mbili papo hapo kwenye faili, na vibonyezo vya kukubali hiki, kile, au vyote. Git ya siku hizi inaweza kwanza kulalamika kwamba haijui uunganishe vipi. Mpe git config --global pull.rebase false mara moja tu, yaishe.

Kazi ikiwa nusu na unatakiwa kuondoka, komiti hivyohivyo. Hakuna polisi wa komiti mbaya kwenye mradi wako mwenyewe.

Neno moja juu ya .env, maana ndimo funguo za malipo na nywila za hifadhidata hukaa. Haiingii kwenye repo, na haikai kwenye folda ya Dropbox mnayogawana na wengine. Ibebe kwa programu ya kutunza nywila. Kama ilishawahi kukomitiwa, kuifuta leo hakusaidii, historia bado inayo. Nenda kwa aliyekupa ufunguo, ubatilishe ule, uchukue mpya.

Dropbox inabaki na kazi gani basi? Nyingi, na ndizo inazoziweza. Picha za asili kabla hazijapunguzwa, video, mafaili ya mbunifu wa kurasa, mikataba ya wateja, nakala nzito za hifadhidata. GitHub hulikataa faili linalozidi MB 100, na hata kabla ya hapo Git si mahali pa vitu ambavyo haiwezi kuvisoma mstari kwa mstari, kwa sababu kila toleo lake hubaki kwenye historia na repo inanenepa.

Na kuna namna moja ya kuvikutanisha ambayo watu wachache huitumia:

git bundle create C:\Users\jina\Dropbox\nakala\mradi-2025-06-30.bundle --all

Amri hiyo inafunga repo yote, matawi na historia, kwenye faili moja. Dropbox inalipokea likiwa limekamilika na halibadiliki tena, kwa hiyo hakuna mgongano. Lihakiki kwa git bundle verify, na siku ya balaa unalifungua kwa git clone kama repo nyingine yoyote. Mara moja kwa wiki inatosha. Akaunti ya GitHub ikifungiwa au ukifuta repo kwa bahati mbaya, una pa kushika.

Ikitokea bosi amesema mradi lazima ukae Dropbox, angalau izuie isiguse node_modules. Kwenye PowerShell:

Set-Content -Path "C:\Users\jina\Dropbox\mradi\node_modules" -Stream com.dropbox.ignored -Value 1

Folda itabaki kwenye kompyuta hiyo, lakini itaondolewa kwenye seva na kwenye vifaa vingine, kwa hiyo usishtuke ikitoweka kazini. Alama hiyo imebandikwa kwenye folda yenyewe: ukiifuta folda na kuitengeneza upya, alama imekwenda nayo na lazima uiweke tena. Hapo ndipo njia hii huwachosha watu.

Laptopu ikiendelea kuchemka baada ya kuhama, mshukiwa sasa ni kiendelezi. Visual Studio Code imejengwa juu ya Electron, yaani ina kivinjari kizima ndani yake, na kila kiendelezi kinaongeza mzigo. Fungua menyu ya Help, chagua "Open Process Explorer", tazama ni nani anakula kichakataji. Kwenye mipangilio, sehemu ya files.watcherExclude, ongeza **/node_modules/** ili kihariri nacho kiache kuilinda folda hiyo.

Folda ya zamani ndani ya Dropbox usiifute leo. Ibadilishe jina iwe mradi-ZAMANI ili mkono usiifungue kwa mazoea, fanya kazi wiki nzima kutoka C:\kazi kwenye kompyuta zote mbili, kisha ifute. Ukigundua kuna faili ulilisahau humo, una siku 30 za kulirudisha kutoka kwenye vilivyofutwa, kwenye tovuti ya Dropbox.